Foleni Isiyokuwapo: Picha Maarufu ya Mageuko na Ushahidi Inaouficha

Kuna picha moja ambayo karibu kila msomaji wetu ameshaiona. Kushoto kuna mnyama aliyeinama, mikono inakaribia kugusa chini. Anayemfuata amenyooka kidogo. Wa tatu ameinuka zaidi na manyoya yamepungua. Mwisho kabisa, kulia, anatembea mwanamume mrefu, kifua mbele, kama mtu anayewahi daladala. Utaikuta kwenye vitabu vya shule, kwenye fulana za mitumba, kwenye matangazo, na kwenye vichekesho vya WhatsApp ambapo yule wa mwisho ameinama tena, safari hii mbele ya kompyuta.

Tumezoea kuihesabu picha hii kama muhtasari wa nadharia ya mageuko. Katika makala haya nataka tuihoji kama tunavyomhoji shahidi mahakamani. Madai yangu ni kwamba kama sanaa ni kazi nzuri, ila kama shahidi haifai. Inaichukua nadharia yenye ushahidi mzito sana, inaigeuza kuwa hadithi ambayo ushahidi huohuo unaikataa. Ndiyo maana mabishano yetu kuhusu mageuko hayaishi. Anayeikubali picha anakubali jambo ambalo sayansi haikulisema, na anayeipinga anapinga jambo hilohilo. Wote wawili wanaondoka bila kuuona ushahidi wenyewe.

Picha ilitoka wapi

Picha hiyo ina mwaka na ina mchoraji. Mwaka 1965, katika mfululizo wa vitabu vya Life Nature Library huko Marekani, kilitoka kitabu cha mwanaanthropolojia F. Clark Howell kiitwacho Early Man. Ndani yake kulikuwa na kurasa za kukunjua zenye mchoro wa Rudolph Zallinger, msanii ambaye tayari alikuwa na jina kwa mchoro wake mkubwa wa ukutani kuhusu dinosaria, uliopo Chuo Kikuu cha Yale. Foleni ya Zallinger ilikuwa na viumbe 15, kuanzia Pliopithecus hadi binadamu wa leo. Ukizikunja zile kurasa, walibaki wachache tu wanaoonekana, na hao wachache ndio walioenea duniani.

Tumtendee haki mwandishi. Maelezo yaliyoambatana na mchoro yalikuwa na tahadhari ambazo watu hawakuzisoma. Yalieleza kwamba wale wa mwanzo walikuwa wakitembea kwa miguu minne, ila wamechorwa wamesimama ili iwe rahisi kuwalinganisha. Yalieleza pia kwamba baadhi yao ni matawi ya pembeni. Kuhusu Paranthropus, maandishi yalisema wazi kwamba ukoo wake uliishia njiani. Lakini tazama mchoro: Paranthropus huyohuyo yupo kwenye foleni, mbele yake mtu, nyuma yake mtu, anatembea kuelekea kwetu. Maandishi yanasema huyu hakufika, mchoro unamwonyesha yuko safarini. Kati ya jicho na maandishi madogo, unajua nani alishinda.

Tangu hapo sayansi imeendelea, foleni imebaki palepale. Ramapithecus, ambaye Zallinger alimweka kama mmoja wa wazee wetu, baadaye visukuku vilivyo kamili zaidi vilionyesha kwamba yuko upande wa ukoo wa orangutani wa Asia. Kwenye foleni, kumtoa mtu mmoja ni aibu, kwa sababu mnyororo mzima unaonekana umekatika. Kwenye sayansi yenyewe lilikuwa jambo la kawaida: ushahidi mpya uliingia, tawi moja likahamishwa mahali pake.

Jambo la kushangaza ni kwamba Charles Darwin hakuchora foleni. Kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi kina mchoro mmoja tu, na mchoro huo ni wa matawi: mistari inayogawanyika, mingi ikikatika njiani, michache ikifika juu. Yaani miaka zaidi ya 100 kabla ya Zallinger, mchoro ulio sahihi ulikuwa umeshachapishwa.

"Mbona nyani wa leo hawabadiliki?"

Kwa mtaala uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, mwanafunzi alikutana na mageuko ya binadamu kwanza kwenye Historia, kidato cha kwanza, kabla hajafundishwa urithi wa jeni hata kidogo. Biolojia ya mageuko ilikuja kidato cha nne. Kwa hiyo kwa miaka mitatu na zaidi, alichokuwa nacho kichwani ni majina kwa mpangilio: Australopithecus, Homo habilis, Homo erectus, Homo sapiens. Ukiyakariri kwa mpangilio huo unapata maksi. Na mpangilio huo ndio ile foleni, imeandikwa kwa herufi badala ya kuchorwa.

Halafu kuna mwanafunzi mmoja nyuma ya darasa ananyoosha mkono: "Mwalimu, kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani wa leo hawawi watu?" Darasa linacheka, mwalimu anabanwa na kipindi, swali linazimwa. Kumbe swali ni zuri sana! Kama picha ya foleni ni kweli, basi nyani wote wangepaswa kuwa wameshasogea mbele. Mwanafunzi amefikiri sawasawa kutokana na picha aliyopewa. Kosa liko kwenye picha.

Jibu lake tunalo kwenye ukoo wetu wenyewe. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Babu huyo hakuwa wewe, wala hakuwa binamu yako. Hakuna anayeuliza, "Kama mimi na Juma tumetokana na babu mmoja, mbona Juma bado yupo?" Juma yupo kwa sababu baba yake na baba yako walikwenda kila mmoja njia yake. Sokwe wa Gombe kule Kigoma ni binamu zetu kwa maana hiyohiyo. Mzee wetu wa pamoja anakadiriwa kuishi takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, na tangu siku hiyo upande wao umeendelea kubadilika kama upande wetu. Hawakusimama kutusubiri.

Hapa Kiswahili nacho kimetuongezea tatizo. Tunasema "mtu alitokana na nyani". Nyani ni yule anayevamia mashamba ya mahindi na kupora ndizi za watalii, mwenye mkia na pua ndefu kama ya mbwa. Sokwe ni mnyama mwingine kabisa. Yeye hana mkia, na kwa ukoo yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na nyani. Kwa hiyo ule msemo una makosa mawili kwa pamoja: unamtaja mnyama wa leo kuwa babu, na unamtaja asiye wa karibu.

Na kati ya ushahidi wa kale kabisa wa njia hizo mbili kutengana, upo uliotoka kwetu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza vipande vya mataya kutoka bonde la ufa la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye mwamba wenye umri wa takriban miaka milioni 25. Kimoja, walichokiita Rukwapithecus, kina meno ya upande wa sokwe na binadamu. Kingine, Nsungwepithecus, kina jino la upande wa nyani na tumbili. Pande zote mbili zilikuwapo, eneo moja, tayari zimeshaachana, mamilioni ya miaka kabla hajatokea kiumbe yeyote wa kumwita mtu. Ukitaka kuiweka Rukwa kwenye foleni, utaiweka wapi? Haiingii. Inaingia vizuri kwenye mchoro wa matawi.

Zinj hakuwa babu yetu

Sasa tuje kwenye kisukuku ambacho Watanzania tunakijua kwa jina. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, au Oldupai kwa jina la Kimasai, Mary Leakey aliona meno na mfupa vikichomoza ardhini. Vipande vilipounganishwa likapatikana fuvu lenye meno ya nyuma makubwa ajabu na tuta la mfupa juu ya kichwa, mahali ilipojishikiza misuli mikubwa ya kutafunia. Louis Leakey akamwita Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la kale la pwani yetu kwa Waarabu, na Boise ni mfadhili wa utafiti. Leo wanasayansi wengi humwita Paranthropus boisei.

Kwa miongo mingi tumekuwa tukimtaja kama "binadamu wa kwanza" au "babu wa binadamu wote". Naelewa fahari hiyo. Lakini tazama alivyokuwa: meno yale, taya lile, uso mpana ulioingia ndani. Ni mwili uliojikita kwenye ulaji wa aina yake. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya kaboni kwenye meno ya Paranthropus boisei kutoka Kenya, vikaonyesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Ukoo huo haukuelekea kwetu. Uliishi muda mrefu, ukafanikiwa kwa namna yake, kisha ukatoweka bila kuacha mtoto.

Tunajuaje kwamba hakuwa hatua moja kabla yetu? Kwa sababu alikuwa na jirani. Mwaka mmoja tu baadaye, bonde lilelile, kwenye tabaka za umri unaokaribiana, takriban miaka milioni 1.8, vikaanza kupatikana vipande vya kiumbe mwingine, mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 akapewa jina Homo habilis. Louis Leakey, ambaye mwanzoni alimwona Zinj kuwa ndiye mtengenezaji wa zana za mawe za Olduvai, akabadili msimamo na kumpa Homo habilis kazi hiyo. Huo ni mfano mzuri wa tabia ya kisayansi, na hautaupata kwenye picha ya foleni.

Ushahidi mpya ni mkali zaidi. Mwaka 2024 zilitangazwa nyayo kutoka Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Kwenye tope moja la ufukweni zimo nyayo za aina mbili tofauti za kukanyaga. Watafiti wanazihusisha na Homo erectus na Paranthropus boisei, ukoo wa Zinj wetu. Na tope lenyewe linaonyesha kwamba zilipigwa ndani ya saa au siku chache tu. Yaani viumbe wa spishi mbili, wote wakitembea kwa miguu miwili, walipita ufukwe mmoja, pengine wakaonana.

Fikiria jinsi jambo hili linavyosisimua. Leo tumebaki spishi moja tu ya watu wa miguu miwili, tumezoea kujiona wa pekee. Turkana inatuambia kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo hali haikuwa hivi. Foleni inaifuta habari hii kabisa, maana kwenye foleni kila mmoja anampisha mwenzake.

Kuna mchongo mmoja wa umma ambao kwa maoni yangu umefanya kazi bora kuliko vitabu vyetu vingi. Kwenye njia panda ya kushuka Olduvai, tangu mwaka 2019, limesimama jukwaa lenye sanamu kubwa za mafuvu mawili: Paranthropus boisei na Homo habilis. Wako wawili, pamoja, mahali pamoja. Hakuna aliyewekwa nyuma ya mwenzake akisubiri zamu. Watalii wanapiga picha, wanaondoka. Natamani kila mwalimu wa kidato cha kwanza angeanzia hapo.

Pindo mbili katikati ya kitambaa

Lawama yangu kubwa kwa ile picha ni kwamba inatufanya tudhani ushahidi wote wa mageuko ni mifupa. Mtu akishakuambia "mifupa ni michache, na imevunjikavunjika", anadhani amemaliza mjadala. Basi tuiache mifupa yote kabatini. Tuingie kwenye seli.

Sokwe, gorila na orangutani wana jozi 24 za kromosomu. Sisi tuna jozi 23. Kama kweli tuna mzee wa pamoja, hiyo jozi moja ilikwenda wapi? Haiwezi kupotea tu, kwa sababu kupoteza kromosomu nzima na jeni zake zote ni kifo. Nadharia inabanwa hapa, na inatoa utabiri unaoweza kushindwa: lazima kromosomu mbili za zamani ziwe zimeungana kuwa moja kwa upande wetu, na mahali zilipoungana pawe na alama.

Ncha za kromosomu zina mfuatano maalumu wa herufi za DNA unaojirudia mara nyingi, kama pindo la kanga linavyozunguka ukingo wa kitambaa. Kazi yake ni kulinda ncha, na mahali pake ni mwisho. Sasa mtu akikuletea kitambaa kirefu, ukakuta katikati yake pindo mbili zimekutana, huna haja ya kuuliza sana. Hizo ni kanga mbili.

Mwaka 1991 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza kromosomu yetu ya pili. Katikati walikuta mfuatano wa ncha, na upande wa pili wake mfuatano uleule umegeuzwa, kichwa kwa kichwa. Zaidi ya hapo, kila kromosomu ina kiungo kimoja cha katikati kinachotumika seli inapogawanyika. Kromosomu yetu ya pili ina kimoja kinachofanya kazi, na mabaki ya kingine kilichokufa. Na ukizipanga kromosomu mbili za sokwe ncha kwa ncha, mpangilio wa jeni zake unalingana na kromosomu hii moja ya kwetu.

Kila mmoja anayesoma hapa, awe anakubali mageuko au hakubali, anatembea na hizo pindo mbili karibu katika kila seli yenye kromosomu. Hakuna mfupa uliohitajika. Mashahidi wasiojuana wametoa maelezo yanayolingana: wachimbaji wa Rukwa na Turkana upande mmoja, wasomaji wa DNA maabara upande mwingine. Nguvu ya nadharia ya mageuko inatoka hapo, kwenye kulingana huko. Picha ya foleni haina nafasi ya kukuonyesha hata shahidi mmoja. Inakupa hukumu peke yake.

Hakuna mbele, hakuna nyuma

Kosa la mwisho la ile picha ni la hatari zaidi, kwa sababu linaingia hata hospitalini. Inatufundisha kwamba mageuko yana mwelekeo: kutoka duni kwenda bora, kutoka kuinama kwenda kusimama. Ndiyo maana watu husema "huyu hajaevolvu", wakimaanisha hajastaarabika.

Wazazi wetu wanaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima. Ilikuwa dawa ya malaria ya bei nafuu na ilitumika kila mahali. Kisha ikaanza kushindwa. Vimelea vichache vilikuwa na mabadiliko katika jeni iitwayo pfcrt, yanayokiwezesha kimelea kuitoa dawa nje ya sehemu inapofanyia kazi. Dawa iliua wenzao, wao wakabaki wakazaana. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaingia SP. Nayo SP ikakutana na usugu, na kuanzia mwishoni mwa 2006 tukaingia kwenye dawa ya mseto ya ALu. Huo ni uteuzi asilia, umetokea ndani ya maisha ya watu waliopo, na gharama yake wamelipa watoto.

Lakini sehemu ninayotaka uishike ilitokea kwa majirani zetu wa Malawi. Wao waliachana na klorokwini mapema, mwaka 1993. Mwaka 1992 alama ya usugu kwenye jeni hiyo ilikuwa katika asilimia 85 ya maambukizi yaliyopimwa. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 13. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 liliwapa klorokwini watoto wagonjwa, na kati ya 80 waliofuatiliwa, ilishindwa kwa mmoja tu. Dawa iliyokuwa imekufa ilikuwa imefufuka.

Ilikuwaje? Hakuna kimelea kilichotubu. Usugu ule una gharama kwa kimelea kinachoubeba. Dawa ilipokuwapo, gharama ililipa. Dawa ilipoondoka, vimelea visivyo na usugu vilivyokuwa vimebaki vikawashinda wenzao na kujaza nchi. Sasa niambie, ipi ilikuwa "mbele" na ipi "nyuma"? Swali halina maana. Kuna mazingira, kuna tofauti kati ya viumbe, na kuna anayezaa zaidi hapo alipo, basi.

Ndani ya miili yetu hali ni hiyohiyo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949. Karibu na pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa wabebaji wa jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa dhidi ya malaria kali, wakati mwenye nakala mbili huugua. Jeni ileile ni ngao kwenye mwambao wenye mbu na ni mzigo mtupu mahali pasipo na malaria. Mwanafunzi aliyelelewa na ile foleni hawezi kuielewa selimundu, kwa sababu anatafuta jeni "bora". Na sisi ni nchi ambazo haziwezi kumudu wauguzi, madaktari na wazazi wasiouelewa ugonjwa huu.

Najua pingamizi linalofuata: "Sawa, vimelea vimebadilika, lakini bado ni vimelea. Havijawa samaki." Ni kweli, na hakuna anayedai kwamba miaka 13 inatosha kwa hilo. Malawi inatuonyesha utaratibu ukifanya kazi mbele ya macho yetu. Kwa mabadiliko makubwa ya muda mrefu, tunarudi kwa wale mashahidi wengine: mwamba wa Rukwa na pindo za kromosomu. Kila shahidi anaulizwa anachokijua.

Basi tuchore nini?

Haitoshi kuponda picha ya mtu bila kuleta nyingine. Pendekezo langu ni la chaki na ubao. Mwalimu achore mstari mmoja juu kabisa, aandike "leo". Kwenye mstari huo huo, kwa usawa mmoja, awapange binadamu, sokwe, gorila, nyani na hata tumbili wa nyuma ya jiko la shule. Wote ni wa leo, hakuna aliye juu ya mwenzake. Kisha ashuke na matawi, yakutane mawili mawili kuelekea chini. Sokwe na binadamu wakutane kwanza, kisha gorila. Nyani na tumbili wakutane kwao, halafu huko chini kabisa, upande wa Rukwa, waungane na sisi. Mwisho achore matawi yasiyofika juu, na kwenye mojawapo aandike "Zinj". Dakika kumi zinatosha.

Mchoro huo nao una kasoro zake. Mwaka 2010 usomaji wa DNA ya Neanderthal ulionyesha kwamba watu wa asili ya nje ya Afrika wanabeba asilimia chache za urithi wake, maana yake matawi mengine yaliachana kisha yakagusana tena, kama mikono ya Rufiji inavyogawanyika na kukutana kabla ya bahari. Mti wa kawaida haufanyi hivyo. Lakini tofauti ya msingi ni hii: mchoro wa matawi ukipata habari mpya unaongezewa tawi au unahamishiwa tawi, unabaki umesimama. Foleni ikipata habari mpya inavunjika, na kila inapovunjika kuna anayesema mageuko yote yamevunjika.

Kwa hiyo, ukikutana tena na ile picha, iwe kwenye kitabu cha mdogo wako au kwenye simu, mwulize maswali matatu. Ndugu zao waliotoweka wako wapi? Mbona wa leo wamepangwa kama wa jana? Na ushahidi uko sehemu gani ya mchoro? Halafu mchoree matawi kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Akiuliza kwa nini Zinj ameishia njiani, umeshapata mwanafunzi wa biolojia.